Ufuta na Desturi ya Kuunga Mboga

Utamaduni wa taifa ukitajwa, wengi wetu hukimbilia ngoma, nyimbo, vinyago na mavazi. Hata Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ilipoundwa mwaka 1962, mara baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, macho ya watu yalielekea zaidi uwanjani kwenye ngoma kuliko jikoni kwenye mafiga. Walakini chungu nacho kina historia, tena historia isiyoandikwa na mfalme wala mwanajeshi, bali na mama aliyejua mbegu ipi itwangwe, ipi isagwe, na ipi iachwe kwa ajili ya shamba la mwakani. Katika insha hii nakusudia kuifuata mbegu moja tu, ufuta, na hasa rojo litokanalo na kuusaga. Nami nitaanzia mahali ambapo pengine msomaji hatazamii, yaani Masama, katika miteremko ya Kilimanjaro upande wa Hai, ambako ufuta haukuwa zao la jadi.

Tuanze na neno kuunga. Katika Kiswahili twasema mboga imeungwa kwa nazi, au imeungwa kwa karanga. Mboga isiyoungwa ni chukuchuku: imechemshwa kwa maji na chumvi basi, huliwa kwa kuwa hapana budi. Kuunga ni kukitia chakula kitu chenye mafuta, kitakachoufanya mchuzi uwe mzito, ushikamane na ugali au wali, na ukae tumboni. Mtu akisafiri katika Afrika ya Mashariki akauliza kila afikapo, “Hapa mwaunga kwa nini?”, atapewa majibu yatakayomchorea ramani. Pwani watamjibu nazi. Katikati ya nchi, Ugogo na Unyamwezi, watamjibu karanga. Kaskazini ya Uganda, kwa Waacholi na Walango, watamjibu ufuta, ambao wao na Wakenya wengi huuita simsim. Na Masama? Masama jibu la kale lilikuwa maziwa na samli.

Jibu hilo halikuja kwa bahati. Mchaga aliishi katika kihamba, shamba la migomba lililozunguka nyumba, na ng'ombe wake hakumpeleka machungani bali alimfunga ndani akamletea majani. Kazi ya kukata majani, mengi yakitoka tambarare ya chini, ilikuwa ya wanawake, na mtu aliyewahi kuona mama akipanda mlima na mzigo wa majani kichwani hatauliza tena thamani ya kijiko kimoja cha samli. Samadi ilirudi kwenye migomba, migomba ikatoa ndizi na majani ya kulisha, na ng'ombe akatoa maziwa ya kuungia ndizi. Mtori wa mzazi aliyetoka kujifungua, ndizi na nyama zilizopondwa pamoja mpaka zikawa uji mzito. Kiburu, yaani ndizi na maharage. Machalari ya ndizi na nyama: vyakula hivi vyote vilistawi katika duara hilo la mgomba na zizi. Palipokuwa na mbegu ndogo ya kusagwa, ilikuwa ulezi. Ulezi ulipandwa katika mashamba ya chini, mengine yakinyweshwa kwa mifereji, ukaoteshwa kuwa kimea, ukasagwa, ukaingia katika mbege. Naam, Wachaga walijua sana kazi ya mbegu ndogo na jiwe la kusagia. Ila walisaga kwa ajili ya kinywaji.

Kwa nini basi ufuta haukupanda mlima? Yupo atakayesema kwamba mlima ulikuwa mbali na njia za biashara. Hilo si kweli. Misafara ya Pangani na Mombasa ilifika Kilimanjaro katika karne ya 19 kutafuta pembe za ndovu, na mmisionari Johannes Rebmann, aliyeuona mlima huo Mei 1848 akitokea Rabai, alifika Machame, jirani ya Masama, katika safari yake ya pili mwishoni mwa mwaka huo huo. Mahindi yaliyotoka Amerika yalipanda mlima, na kahawa baadaye ikapanda. Sababu iko katika mmea wenyewe. Ufuta wapenda joto, nyuzi 25 na zaidi za sentigredi. Hauwezi baridi ya usiku wa mlimani, na maji yakituama mizizini siku mbili tatu hunyauka. Aidha wataka jua wakati wa kukauka, kwa maana vitumba vyake hupasuka vyenyewe na kumwaga mbegu chini. Ukungu na manyunyu ya Masama ya juu ni neema kwa mgomba na msiba kwa ufuta. Halafu, palipokuwa na samli, haja ya mbegu ya mafuta ilikuwa ndogo. Chakula kigeni hupokewa upesi pale kinapoziba pengo, na wakati ule pengo lenyewe halikuwapo.

Sasa tumgeukie ufuta mwenyewe. Jina lake ni ndugu wa neno mafuta, nalo latosha kutueleza waliotutangulia waliuona kuwa kitu gani. Wataalamu wa mimea hukubaliana kwamba ufuta wa kupandwa ulianza kulimwa katika bara la Hindi, na mbegu zake zilizoungua zimefukuliwa katika magofu ya Harappa, yenye umri wa miaka ipatayo elfu nne. Lakini jamaa zake wa porini, wengi wao, ni Waafrika. Mwalimu na awakumbushe wanafunzi wake kwamba mlenda, ile mboga yenye utelezi ichumwayo maporini na kando ya mashamba, katika sehemu nyingi za nchi yetu hutokana na mimea ya ukoo huo huo wa ufuta. Yaani mtu wa Dodoma alaye ugali kwa mlenda, na mtu wa Unguja alaye mkate wa ufuta, wanakula matunda na majani ya ndugu wawili.

Katika kitabu cha baharia wa Kiyunani kilichoandikwa karne ya kwanza ya zama hizi, kiitwacho Periplus, mafuta ya ufuta yametajwa miongoni mwa bidhaa zilizoletwa kutoka Bara Hindi mpaka bandari za Pembe ya Afrika, pamoja na ngano, mchele, samli na nguo za pamba. Tazama samli na mafuta ya ufuta yanavyotajwa pamoja, kama vitu vya rafu moja! Baadaye pwani yetu haikuhitaji kuletewa, bali ililima yenyewe. Mafuta hayo waliyaita uto, au mafuta ya uto, nayo yalipikiwa, yaliwashiwa taa, yalipakwa mwilini na nyweleni. Kuyapata kulihitaji shindikio: kinu kikubwa cha mti chenye mchi mzito unaozungushwa. Katika miji ya Unguja, Mombasa na Lamu mchi huo ulizungushwa na ngamia aliyefungwa macho asipate kizunguzungu, akitembea duara moja kutwa nzima ndani ya kibanda chenye giza. Wasafiri wengi wa karne ya 19 waliandika habari zake. Yaliyobaki kinuni, mashudu, walipewa mifugo.

Hapa historia ya ufuta inakuwa chungu. Katikati ya karne ya 19 viwanda vya mafuta na sabuni vya Marseille vilikuwa na njaa ya mbegu za mafuta. Ufaransa ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1844, na wafanyabiashara wa Kifaransa, kisha wa Hamburg, wakawa wanunuzi wakubwa wa ufuta wa pwani. Bei ilipopanda, wenye mashamba walitafuta ardhi mpya na mikono ya kuilima. Malindi, mji uliokuwa karibu mahame, ulifufuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1860 chini ya Sayyid Majid, na katika muda usiozidi miaka ishirini nchi iliyouzunguka ikawa bahari ya mtama na ufuta. Walioilima walikuwa watumwa. Wengi wao waliletwa kutoka bara ya kusini, wakapitishwa Kilwa. Mtama waliula, ufuta waliukata, wakaufunga matita, wakausimamisha ukauke, wakaupigapiga juu ya majamvi, wakaupeleka majahazini. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku mwaka 1873, na utumwa wenyewe ulikomeshwa kisheria Unguja mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Mashamba ya Malindi yalianguka pamoja nao. Sabuni iliyofua mashati ya Ufaransa, basi, ilikuwa na jasho la mtu wa bara ya kusini ndani yake, na sioni sababu ya vitabu vya shule kuieleza karafuu peke yake kana kwamba ufuta haukuwa na habari.

Msomaji atauliza: rojo liko wapi? Pwani, kusema kweli, haikuwa mpenzi mkubwa wa rojo la ufuta. Ilikuwa na nazi, na penye mnazi hakuna anayehangaika kusaga mbegu ndogo kama vumbi apate kitu kinachofanana na tui. Pwani iliuchukua ufuta kama mafuta, na kama punje nzima: ikaunyunyiza juu ya mkate wa ufuta, ule mkate wa unga wa ngano na tui upikwao chunguni kisha ukageuziwa makaani, na ikauchanganya na sukari kuwa kashata. Waarabu wa Shamu na Misri ndio waliolifanya rojo hilo kuwa nguzo ya meza, wakaliita tahina au tahini, kutokana na kitenzi chao kimaanishacho kusaga. Kwetu Afrika ya Mashariki, waliolifanya kuwa moyo wa mapishi si watu wa pwani waliokaa karibu na Waarabu, bali Waacholi na Walango wa kaskazini ya Uganda, walio mbali na bahari na wasio na mnazi hata mmoja. Jambo hili ningependa wanafunzi walizingatie sana, maana wengi hudhani kwamba kila ustaarabu wa chakula lazima uwe umepanda kutoka pwani.

Waacholi huliita rojo hilo odii. Hulitengeneza kwa ufuta, au kwa karanga, au kwa vyote viwili. Njia yenyewe yafanana popote ufuta usagwapo, nami nitaieleza kwa urefu kidogo, kwa kuwa ni ufundi na si kazi ya kubahatisha. Ufuta uliopigwa juu ya ardhi huwa na mchanga, na punje moja ya mchanga huharibu chungu kizima. Kwa hiyo hupepetwa, kisha huoshwa kwa kuzungushwa majini, mchanga ukatuama chini na ufuta ukachotwa juu. Huanikwa ukauke. Hukaangwa kwa moto mdogo katika kikaango au kigae, ukikorogwa bila kupumzika, mpaka uanze kurukaruka na kutoa harufu. Ukiachwa kidogo tu ukaungua huwa mchungu, na uchungu huo hauondoki kwa chumvi wala kwa sukari. Ukisha kupoa hutwangwa kinuni, kisha husagwa juu ya jiwe. Mwanzo hutoka unga mkavu; mkono ukizidi kwenda na kurudi, unga hushikana; halafu ghafla mafuta hutoka, kitu chote kikalainika na kung'aa. Nusu ya uzito wa ufuta ni mafuta, na kama sehemu moja katika tano ni protini, ndiyo maana hauhitaji kuongezwa tone la mafuta mengine. Rojo likitiwa maji machache hukaza kwanza kama udongo wa mfinyanzi, na asiyejua hufikiri limeharibika. Likiongezwa maji ya vuguvugu hulegea tena na kuwa jeupe kama tui. Hutiwa mbogani mwishoni, moto ukiwa umepunguzwa. Hivyo ndivyo Waacholi waungavyo majani machachu ya malakwang, na majani ya kunde waitayo boo. Ukali wa malakwang hutulizwa na mafuta ya ufuta, na uzito wa ufuta huchangamshwa na ukali wa majani. Ni ndoa iliyopatana.

Chakula cha namna hii hakitegemei jiwe na chungu tu, chategemea amani pia. Vita vya kaskazini ya Uganda vilivyoanza mwishoni mwa miaka ya 1980 viliwatoa watu zaidi ya milioni moja mashambani mwao na kuwaweka kambini kwa miaka mingi, wakila mahindi na maharage ya msaada. Mtu akiwa kambini hawezi kulima ufuta, na binti aliyekulia kambini hakosi chakula tu, hukosa pia miaka ya kukaa kando ya mama yake akijifunza ni wakati gani punje zimeiva kikaangoni. Amani iliporudi baada ya 2006 na watu wakarejea vijijini, ufuta ulikuwa miongoni mwa mazao ya kwanza kurudishwa ardhini, kwa kuliwa na kwa kuuzwa.

Nchini mwetu ufuta leo ni mali ya kusini hasa: Lindi, Mtwara na Ruvuma, ingawa wastawi pia Dodoma, Morogoro, Pwani na kwingineko penye joto. Kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na Mtwara, kimetoa aina bora za mbegu ambazo majina yake wakulima wanayajua, kama Naliendele 92 na Ziada 94. Tanzania imekuwa miongoni mwa nchi zinazoongoza kwa kuuza ufuta duniani. Wanunuzi wakubwa si Marseille tena. Sehemu kubwa ya mbegu hupelekwa China, nyingine Japani na India. Lakini tabia ya biashara haikubadilika sana tangu majahazi ya Malindi. Mbegu hutoka ikiwa mbegu, magunia kwa magunia, na kazi ya kukaanga, kusaga na kushindika hufanyiwa ng'ambo. Kisha katika maduka makubwa ya miji yetu rojo la ufuta huonekana ndani ya chupa, lina jina la kigeni, limesafiri baharini kuja nchi ilimolimwa mbegu.

Mtu wa Masama hana ruhusa ya kumcheka mtu wa Lindi kwa hili. Yeye amelima kahawa kwa zaidi ya miaka mia moja, akaunda chama cha wakulima mwaka 1925 na kile cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, akajenga shule kwa fedha ya kahawa mpaka mkoa wake ukasifiwa nchi nzima. Na muda wote huo nyumbani alikunywa chai na mbege. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989 na bei ikaporomoka, kahawa haikuweza kuliwa. Baadhi waliing'oa wakapanda nyanya na mahindi. Zao usilolila lina shida hiyo: siku mnunuzi akigeuza uso, halina pa kwenda.

Na lile pengo ambalo zamani halikuwapo, sasa lipo. Vihamba vimegawanywa kwa wana, na wana wa wana, mpaka vingine havitoshi hata kumlisha ng'ombe mmoja. Maziwa ya zizini yamepungua katika nyumba nyingi, na samli ya jadi ni ya sherehe. Ndizi imebaki. Ndizi ni chakula kizuri cha nguvu, lakini katika gramu mia moja za ndizi protini haizidi gramu moja na kitu, na mafuta ni kama hakuna. Mtoto anayeachishwa ziwa kwa uji wa ndizi mtupu hushiba asikue. Bibi zetu walilijua hilo bila vipimo vya maabara. Ndiyo maana mtori wa mzazi haukupikwa bila nyama, wala ndizi ya mtoto bila maziwa. Waliunga. Swali la leo ni kuunga kwa kitu gani.

Sisemi kwamba ufuta upandwe Masama ya juu. Nimeshaeleza kwamba mmea hautakubali. Lakini Masama haiishii mlimani. Inashuka mpaka Rundugai, nchi ya joto na vumbi, ambako mtu asimamaye chini ya mgunga huutazama mlima kama mgeni autazamavyo. Tangu zamani watu wa juu na watu wa chini wamekutana sokoni, ndizi zikishuka na nafaka na magadi vikipanda, na soko la Kwa Sadala bado lafanya kazi hiyo. Kibaba cha ufuta kutoka tambarare hakihitaji ndege wala meli kufika jikoni mwa Masama. Jiwe lililosaga ulezi wa mbege laweza kuusaga. Na ndizi zilizochemshwa zikapondwa, zikatiwa rojo la ufuta lililolegezwa kwa maji ya vuguvugu na chumvi kidogo, huwa laini na nyeupe karibu sawa na zilizotiwa maziwa. Walimu wa sayansi kimu wanaweza kulijaribu darasani kwa saa moja, nao wasisahau kwamba wako watu ambao ufuta huwadhuru miili hata kwa kiasi kidogo, kama karanga zinavyowadhuru wengine. Kwa hiyo mtoto aanzishwe kwa kiasi kidogo sana.

Limebaki suala la jina. Kitabu cha mapishi kikiandika tahini, mwanafunzi ataona kitu cha hotelini, cha watalii wanaokuja kupanda mlima. Kikiandika simsim, Mganda na Mkenya wataelewa, na Mtanzania atakisia. Rojo la ufuta ni jina refu kidogo, lakini lajieleza lenyewe. Kwa kuwa lugha yetu imetoa siagi ya karanga bila taabu, na kwa kuwa mama ntilie huunga mboga yake kila asubuhi pasipo kungoja kamusi, nadhani jina litaamuliwa huko huko sokoni, siku ufuta utakapoanza kuuzwa umesagwa, katika vikopo vidogo, kando ya mafungu ya ndizi.